Joto Lazima Lipate Pa Kutokea

Kwenye sherehe ya kuniaga, mkurugenzi alisimama akasema kwamba Mama Zaituni ametumia maisha yake yote kutengeneza baridi. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, maana soda zilikuwa hazijagawiwa na sikutaka kuwa sababu ya kuzichelewesha. Sasa soda zimekwisha, na ninyi vijana mnaobaki kazini mmeniomba niandike machache, basi naanza na kumsahihisha mkurugenzi. Sijatengeneza baridi hata siku moja. Hakuna anayetengeneza baridi. Duniani kuna joto tu, na kuna wapagazi wa kulihamisha kutoka mahali lisipotakiwa. Mimi nilikuwa mpagazi.

Vyeo na mishahara tuviache. Habari nyembamba haihitaji kurasa nyingi.

Kazi nilifundishwa na baba yangu mdogo, Sadiki, aliyekuwa na karakana Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, nyuma ya msikiti. Siku ya kwanza nilifika nimevaa suruali ya kaka yangu, tayari kushika spana. Hakunipa spana. Aliniketisha mbele ya mbabula, jiko la makaa, iliyokuwa na sufuria ya maharage, akaniuliza:

"We Zaituni, hii makala ikiisha kuwaka, joto yake inakwenda wapi?"

"Inaisha, baba mdogo."

Alicheka mpaka akawaita mafundi wa jirani waje wasikie. Kisha akanieleza, na maelezo yale nimeyatumia hadi nastaafu. Joto la makaa haliishi. Hakuna hata chembe yake iliyopotea. Liliingia kwenye maharage, likatoka kwenye mvuke, likaenda ukutani, likatoka mlangoni, na sasa limeenea Bujumbura nzima, hadi ziwani. Lipo. Ila nenda kalipikie maharage mengine, tuone.

"Basi tulikusanye," nikasema, kwa ujasiri wa mtu ambaye hajawahi kufanya kazi.

"Njo kazi ya frigo hiyo, mutoto wangu," akasema. "Lakini ukikusanya kidogo hapa, utatawanya kubwa kule. Kila siku. Hata ukifunga saumu mwaka muzima."

Baadaye nilikwenda shule ya ufundi, na mwalimu wetu wa fizikia akaandika ubaoni neno entropi, kisha akageuka taratibu akatutazama, kama mtu aliyeleta mgeni mashuhuri nyumbani. Alijaza ubao kwa herufi za Kigiriki. Nusu ya darasa waliamua siku hiyohiyo kusomea uhasibu. Mimi nilihangaika nalo wiki nzima, na nilipolielewa nikakuta ni yale makaa ya baba mdogo, ila yamevaa suti. Nishati haipotei, sawa. Lakini inatawanyika, na ikishatawanyika haijirudishi yenyewe, na ukitaka kuirudisha mahali pamoja lazima utumie nishati nyingine, ambayo nayo itatawanyika zaidi. Hiyo ndiyo sheria ya pili. Ya kwanza inakufariji kwamba hakuna kilichopotea. Ya pili inakuambia faraja hiyo haitakusaidia kitu.

Wateja wa kawaida walinifundisha mengine. Kulikuwa na mwenye baa mmoja wa Bwiza aliyeniita kwa haraka kwa sababu frigo yake ilikuwa na homa. Nilifika, nikafungua, bia zilikuwa baridi safi. Akanivuta nyuma ya frigo, akaniwekea mkono kwenye vile vyuma.

"Sikia hapa. Inaungua! Nilinunua kitu ya baridi, mama. Nataka ipowe mbele na nyuma."

Nilimwambia moto ule wa nyuma ndio uliokuwa ndani ya bia zake, pamoja na ule wa mota yenyewe, na kwamba siku nyuma itakapopoa ajue na mbele kumeharibika. Alinitazama kwa huruma. Jioni yake alimwita fundi mwanamume, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa baba mdogo Sadiki, na akaambiwa hayohayo kwa sauti kubwa zaidi.

Kisha vita vikaja. Sitavieleza, wapo wanaovieleza kwa vipaza sauti na posho. Nasema tu vilivyofika kwenye karakana. Umeme nao uliingia msituni: nguzo zilianguka milimani, mji ukabaki na waya nzuri sana za kuanikia nguo. Nchi jirani zikatufungia mipaka, mafuta yakawa hadithi. Na katieri, yaani mitaa, zilizokuwa na watu mchanganyiko zikachujwa, huyu kule, yule huku, kazi ambayo ilifanyika kwa nishati kubwa mno. Sijapata kuona watu waliochoka namna ile kwa ajili ya kupanga vitu ambavyo vilikuwa vimekaa vizuri.

Wakati huo niliajiriwa kwenye zahanati moja mjini, jina lake halitawasaidia. Mganga mkuu alikuwa Dokta Severini, mtu mpole aliyesoma mbali na asiyejisifia. Kazi yangu ilikuwa moja: kutunza frigo ya chanjo. Na kwa kuwa umeme ulikuwa mgeni, frigo yenyewe ilikuwa ya petroli, yaani mafuta ya taa. Ninyi wa siku hizi za mitambo ya jua hamjaiona, basi niielezee kidogo. Chini kuna tangi na utambi. Unawasha moto, na juu unapata barafu. Mlinzi wa lango alipoiona mara ya kwanza alisoma aya za Zaburi, akahama upande wa pili wa ua.

Si uchawi. Moto unachemsha amonia itoke kwenye maji, amonia inapanda, inapita kwenye mabomba ya nyuma, inatupa joto lake hewani na kuwa kimiminika. Halafu inaingia ndani, inageuka mvuke tena, na ili igeuke mvuke inakwapua joto la vichupa vya chanjo. Kisha inarudi majini, safari inaanza upya. Haina mota, haina kelele. Lakini ina masharti kuliko mama mkwe. Isimame sawasawa, upime kwa pima maji, ikiinama kidogo inasusa. Moto uwe wa buluu, ukiwa wa njano unakula mafuta na kujaza masizi kwenye bomba la moshi. Ikigoma kabisa, unaizima, unaipindua kichwa chini miguu juu, unaiacha hivyo kutwa nzima, halafu unaisimamisha. Msiniulize kwa nini wahandisi hawaliandiki hilo vitabuni. Nadhani wanaona aibu. Na sharti kubwa kuliko yote: nyuma yake pawe wazi, mkono mzima upite, hewa ipande. Joto lililotoka kwenye chanjo lazima lipate pa kutokea.

Sasa nifike kwenye kesi yenyewe. Surua iliingia kambi ya wakimbizi wa ndani, ile iliyokuwa upande wa kaskazini wa mji, watu wamebanana chini ya mashiti ya plastiki. Watoto wakaanza kufa. Dokta Severini alihangaika ofisi hadi ofisi mpaka akapata sanduku la chanjo, na siku ikatangazwa kambini: akina mama walete watoto zahanati. Chanjo ilikuwa ndani ya frigo yangu, vichupa vimejipanga, kipimajoto kiko kwenye nyuzi nne. Nikaenda nyumbani Buyenzi nimeridhika. Kesho yake ikatangazwa siku ya mji kufa, yaani asitoke mtu, vijana wakafunga barabara kwa mawe na matairi, na ikawa hivyo siku kadhaa. Mimi nilikaa Buyenzi nikimenya viazi.

Niliporudi nilikuta frigo imeheshimiwa. Shefu wa katieri, Bwana Lorani, ambaye alikuwa mwenyekiti wa kamati ya usalama, alikuwa amesikia risasi zikipita barabara ya nyuma. Akakumbuka chanjo ya watoto. Akakusanya watu, wakajaza mifuko ya mchanga, wakaipanga nyuma ya frigo na pembeni zote, imegusana nayo, mpaka darini. Dirisha wakalipigia mbao. Hata gavana hakuwa na ulinzi ule. Na kwa kuwa alikuwa mtu makini, aliona kipimajoto kinapanda, akachukua hatua.

"Tuliongeza moto, Mama Frigo," akaniambia kwa furaha, "ili ipige baridi nguvu."

Moto ulikuwa mkubwa kweli, wa njano, umejaa masizi. Chumba kilikuwa na joto kama Gatumba saa sita mchana. Nilifungua mlango wa frigo, nikatia mkono, na hewa iliyotoka ilikuwa vuguvugu. Nilishika kichupa kimoja mkononi, sikuhisi tofauti kati yake na kiganja changu. Niliketi chini palepale sakafuni. Sikuweza hata kumkasirikia yule mzee, na niliumia zaidi kwa kukosa wa kumkasirikia.

Dokta Severini alikuja, akatazama kipimajoto, akatazama mifuko.

"Mama Zaituni, tukiipozesha tena?"

Alijua jibu. Alijua chanjo kuliko mimi ninavyojua frigo. Aliuliza kama mtu anayemgusa marehemu bega.

"Dokta, yai ukishalichemsha, hata ukilitia kwenye barafu, litakuwa yai la kuchemsha lililopoa."

Shefu Lorani alikuwa amesimama mlangoni, uso umemshuka. Nje tayari kulikuwa na sauti za watoto. Akina mama walikuwa wamefika, wengi, wamejaa ua wote.

"Piga tu hiyohiyo," shefu akasema kwa sauti ya chini. "Nani atajua? Iko na rangi yake ileile. Batarudi na roho safi."

Na kweli hakuna ambaye angejua. Maana hilo ndilo baya la kitu kilichokufa kwa joto: hakibadili sura. Halafu Dokta akasema jambo ambalo limekaa nami hadi leo. Alisema huenda si chembe hai zote za chanjo zimekufa. Joto haliui zote kwa pigo moja, linaua bila mpangilio. Huenda kichupa kimoja katikati ya kumi kina uhai bado, na huenda mtoto mmoja akalindwa nacho. Lakini kichupa kipi? Na yule mama mwingine ataondoka akiamini mwanawe amekingwa, atamlaza kando ya mgonjwa, na chanjo ya kweli ikija hatarudi, atasema wangu alishapigwa.

"Tunazitupa," akasema. "Na ni mimi nitakayewaambia."

Alitoka na koti lake jeupe akawaambia ukweli wote, kwamba chanjo imeharibika kwa joto, warudi, wataitwa tena. Hakumtaja Lorani. Nilisimama nyuma yake nikitamani ardhi ipasuke. Mbele kabisa alikuwa mama mmoja kijana, niliyemjua kwa sababu kabla ya vita mumewe alikuwa akileta redio kwa jirani yetu kutengenezwa. Tulimwita Mama Eriki, na Eriki mwenyewe alikuwa mgongoni, macho makubwa, anatafuna kona ya kitenge.

"Munaongea nini?" akasema. "Mi nilitoka na asubui, nikapita bariyeri mbili, banatupekua mpaka mu nguo ya mutoto. Sasa chanjo iliungua? Mu frigo? Frigo njo inaunguza?"

Nimeulizwa maswali na wakaguzi, na wafadhili, na mtaalamu mmoja aliyetoka Ulaya na koti la mvua wakati wa kiangazi. Hakuna aliyewahi kuniuliza swali zuri kama lile. Nilifungua mdomo nikaanza kueleza habari ya mifuko na mabomba ya nyuma, nikasikia mwenyewe jinsi ninavyoonekana mjinga, nikaufunga.

"We njo Mama Frigo?" akaniambia. "Uitengeneze basi."

Akaondoka nao wote. Ua ukabaki na maganda ya ndizi.

Shirika lililotoa chanjo lilikubali kutupa nyingine, kwa sharti kwamba kipimajoto kitulie kwanza. Hawakukosea. Nami nisingempa maziwa mtu aliyeyamwaga jana. Basi nikamwita baba mdogo Sadiki, akaja kwa miguu kutoka Buyenzi na mfuko wake wa vifaa kichwani, mikono wazi, ili kila bariyeri ione hana bunduki. Aliizunguka ile ngome, akatikisa kichwa.

"Mifuko itoke," akasema. "Na dirisha."

"Mukitoa mifuko, risasi itaingia," shefu akajibu.

"Na usipotoa, joto haitatoka."

"Hakuna tundu ya kutoka tu, bila kuingia?"

"Kama unaijua, shefu, unionyeshe. Tutafunga karakana leo, tutakuwa matajiri duniani."

Hapo ndipo nilipomwelewa mwalimu wangu wa fizikia kuliko siku zote. Tulitaka pahali pamoja padogo, ndani ya sanduku la bati, pawe na utulivu. Na huo utulivu ulidai kwamba sisi nje tujiweke wazi. Mwisho tulipatana: mifuko isogezwe mbali kiasi cha mtu kupita, isifike darini, na mbao za dirisha zing'olewe za juu na za chini, hewa iingie chini na kupandia juu. Anayetunza moto atapiga magoti upande ule ule wa dirisha. Anayetunza moto nilikuwa mimi. Sijifanyi shujaa, niliogopa kila siku, na kila gari lililopasua tairi barabarani nililala kifudifudi mbele ya frigo kama ninayeiabudu.

Kisha petroli ikapungua. Yale majigambo ya moto mkubwa yalikuwa yamekula akiba yote. Lorani alitoka, akapita nyumba hadi nyumba, na alasiri akarudi na watu wameshika chupa: chupa ya bia yenye mafuta kidogo chini, kopo la maziwa, kibatari kimemwagwa chote. Kila nyumba ilitoa ya taa yake. Yeye mwenyewe alileta taa nzima, akaniambia macho yake yamezeeka, hana cha kusoma. Nikachuja mafuta yale kwa kitambaa, maana uchafu mdogo unaua utambi, na katieri yote ikakaa gizani kwa ajili ya sanduku moja la bati. Mabaradhuli wa vita walikuwa wakituambia kila asubuhi kwamba sisi hatuwezi kushirikiana jambo.

Baba mdogo alisafisha bomba la moshi, tukaipindua frigo kichwa chini, tukaisimamisha, tukapima, tukawasha. Baridi ilirudi kwa mwendo wa bibi harusi. Mimi nilikuwa nikihesabu kichwani siku za surua. Inaingia mwilini kimya, na ukiona vipele imeshapita kwa mtoto mwingine. Kila nilipotazama kipimajoto niliona macho ya yule mtoto anayetafuna kitenge.

Kilitulia. Chanjo ikaja. Watu wakatumwa kambini kuita.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mingi. Amani ilikuja kwa mafungu, frigo za jua zikaja, nikafundisha baadhi yenu, na wengine mmenizidi, jambo ambalo nimewasamehe. Mashauri yangu ya kazi ni yale mliyokwisha kuyasoma hapa. Acheni nafasi nyuma. Kilichopata joto tupeni, hata kama kina rangi yake ileile, na mwambieni mama mwenyewe, usoni. Bado naamini tulifanya haki. Naliandika hilo kwanza kabla ya kumalizia habari ya siku ya chanjo mpya, kwa sababu mkishaisoma mtaona kwa nini nimelazimika kujiambia mara nyingi.

Akina mama walikuja wachache kuliko mara ya kwanza. Nilikuwa mlangoni mwa chumba cha frigo nikiwatazama wakiingia, na nikamwona Mama Eriki, na mgongoni kitenge kimejaa. Nilishukuru Mungu kwa sauti. Nilimkimbilia nikamwambia njoo uwe wa kwanza, njoo, imetengenezwa.

Alifunua kitenge. Alikuwa mtoto wa kike, mdogo, amelala.

"Huyu ni wa jirani," akasema. "Mama yake iko mugonjwa, akaniomba. Eriki hakungoja."

Nilimrudishia mtoto kitenge begani.

"Ya leo iko nzima?" akaniuliza.

"Iko nzima."

"Unionyeshe."

Mlango wa frigo ya chanjo haufunguliwi ovyo, hiyo ni amri, hata Dokta alikuwa akiniomba ruhusa. Nilimwingiza ndani, kati ya mifuko na dirisha, nikaufungua. Aliinama, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akaweka kiganja juu ya vichupa, akafumba macho. Nilimwacha. Aliuweka mkono humo muda wote aliotaka, mlango wazi, na sisi wawili tukalia bila kutazamana.

Kisha akautoa, akamfunga vizuri mtoto wa jirani, akaenda kukaa kwenye foleni. Nilifunga mlango, nikapiga magoti, nikakuza utambi kidogo kulipia joto la mkono wake.